Kofia ya Jino la Fundi Msumari

Kitu kilipita. Hilo Fundi Msumari alilijua hata kabla chafya haijamalizika.

Alikuwa amepiga magoti nyuma ya kochi kuukuu la watu watatu. Mkono mmoja ulikuwa umevuta kitambaa mpaka kikakazana, mkono wa pili una nyundo, na mdomoni, mahali ambapo mafundi wa viti wa kizamani huweka ghala lao, alikuwa amejaza vimisumari vyenye vichwa bapa. Vumbi la pamba iliyokaa ndani ya kochi lile tangu enzi za mwenye kochi wa kwanza likampanda puani. Chafya haina adabu, haipigi hodi. Ilimjia tu, akavuta pumzi kwa mdomo uleule uliojaa, na kitu kidogo cha baridi kikateleza kooni kikaenda zake.

Alikohoa mpaka machozi yakamtoka. Misumari ikamwagika sakafuni, mingine ikaviringika chini ya kochi. Akakohoa tena, safari hii akiwa amejiziba mdomo kwa kiwiko, maana upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa imenyamaza.

"Baba Pacha! Kuna nini huko?"

"Vumbi!"

"Si unywe maji."

"Nakunywa."

Cherehani ikaendelea. Naye, akiwa bado magotini, akapitisha ulimi kwenye meno ya mbele kama mtu anayepapasa mfuko wake sokoni, akakuta kisiki. Kofia ya jino lake haikuwepo.

Aliyaweka mambo mawili pamoja kama ambavyo wewe na mimi tungeyaweka: kitu kimepita kooni, na kofia haipo, basi kofia ndiyo iliyopita. Akakaa juu ya visigino, akasikiliza kifua chake. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka. Afadhali, akajiambia. Kisha akakumbuka kiapo, na ile afadhali ikayeyuka.

Kiapo chenyewe kilianzia kwenye jino. Kwa zaidi ya nusu ya umri wake mtu huyu alikuwa akivisha viti, na alifundishwa kazi na watu waliofundishwa na watu wengine, wote midomo imejaa misumari. Unachota kiganja kimoja, unatia kinywani, halafu ulimi unaugeuza msumari mmoja mmoja, kichwa mbele, unausukuma kati ya meno mawili ya juu. Mkono unauchukua, nyundo inapiga. Akishika kasi husikii nafasi kati ya pigo na pigo, na watu waliokuwa wakipita njia walisimama mlangoni kumtazama kama wanavyomtazama mtu wa mazingaombwe. Ndiyo maana mtaa ukamwita Fundi Msumari. Karakana nyingine zilikwisha kununua zile bunduki za kupigia pini kwa upepo. Yeye alisema bunduki ni za askari.

Lakini meno si koleo. Jino la mbele liliendelea kulika kidogokidogo, likafanya kijibonde, kijibonde kikapata ufa, na asubuhi moja, akiwa anang'ata kipande cha mkate, mkate laini usio na kosa lolote, jino likakatika nusu. Mtu ameng'ata chuma miaka yote hiyo, anakuja kuvunjwa na mkate! Tangu siku hiyo kicheko kikamhama. Wateja walidhani amejifunza heshima. Mkewe hakudanganyika.

"Mimi niliolewa na mtu anayecheka," Mama Pacha alimwambia. "Huyu mwenye midomo ya kushonwa simjui. Kesho tunakwenda kwa daktari wa meno, na usiniambie kuna kazi ya mtu."

Wakaenda. Daktari wa meno alikuwa binti mdogo, umri wa mapacha wao walioolewa. Alimwamkia Fundi shikamoo, kisha akamlaza na kumchoma sindano ya ganzi bila huruma yoyote inayoonekana. Akasafisha mzizi, akalichonga jino lililobaki mpaka likawa kisiki kidogo, akachukua umbo lake kwa kitu laini mfano wa unga uliokandwa, akamvisha kofia ya muda. Waliporudi tena akamvisha ya kudumu, yenye rangi iliyofanana na meno mengine. "Nyeupe sana haifai, mzee," alisema. "Tusije tukatia jino la mtoto kwenye kinywa cha babu." Kitaalamu, akaeleza, kitu hiki kinaitwa taji. Fundi akasema taji lina wenyewe, yeye apewe kofia.

Kisha yakaja masharti. Kofia haiozi, daktari alisema, linalooza ni jino lililo chini yake, kwa hiyo mswaki upite taratibu pale ukingoni kofia inapokutana na ufizi. Uzi wa kusafishia katikati ya meno autoe kwa pembeni, asiuvute kwa chini akaja nao na kofia yenyewe. Asing'ate mfupa, barafu, kucha wala kifuniko cha chupa. Hapo akayaangalia tena yale meno mengine ya mbele yenye vijibonde.

"Wala misumari," akamalizia.

Na hakuwa ameambiwa kazi ya mgonjwa wake. Mama Pacha, aliyekuwa ameketi pembeni na mkoba magotini, akainua shingo. "Hebu rudia hiyo ya mwisho, daktari. Sikio la mzee huyu halikusikia vizuri."

Daktari akarudia. Na palepale Mama Pacha akamtaka mumewe aape, mbele ya shahidi mwenye koti jeupe. Fundi akaapa, midomo bado imekufa ganzi, mate yakimtiririka kidevuni. Haki ya Mungu, msumari hautaingia tena kinywani mwangu.

Aliapa kwa moyo mweupe, tusimsingizie. Siku za kwanza misumari ilikaa kwenye kopo. Lakini kopo liko chini na kitambaa kiko juu. Ukiinama kuchukua msumari, mkono uliokaza kitambaa unalegea, ukikaza upya umeshapindisha ua la kitambaa, na kazi ya asubuhi inakuwa ya kutwa. Mazoea yana taabu. Siku moja akatia mdomoni mmoja tu, wa dharura. Kesho yake ikawa mitatu ya dharura. Haikupita muda ghala likawa limefunguliwa rasmi, upande ule wa pazia ambao mke haoni.

Na sasa hili. Aseme kitu gani? Kwamba kofia aliyohangaikiwa imo tumboni, na imefikaje tumboni? Akainuka, akafagia misumari yote akairudisha kwenye kopo, akavaa barakoa ya vumbi iliyokuwa ikining'inia msumarini tangu mwaka jana bila kuguswa, akaendelea na kazi.

Mama Pacha alipochungulia akafurahi. "Leo umekumbuka una mapafu!"

Kwa siku chache zilizofuata aliishi kama mwizi nyumbani kwake. Mchana barakoa. Wakati wa kula alitazama sahani. Kitandani alitazama ukuta. Akiulizwa jambo alijibu kwa kutikisa kichwa au kwa maneno yasiyohitaji mdomo kufunguka sana, na mkewe akaanza kujiuliza amemkosea nini. Kila asubuhi alikaa chooni kuliko desturi, na alichokuwa akikitafuta kule kwa kijiti sitakisimulia, maana wengine mnasoma huku mnakula. Hakukipata. Alijipa moyo kwamba tumbo ni njia, lina pa kuingilia na pa kutokea, na msafiri mwingine huchelewa.

Tatizo lilikuwa kikohozi. Hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kikavu, cha ukaidi, kikitokea upande mmoja tu, kulia, chini ya titi, kana kwamba mtu alikuwa amekaa mle ndani na kidole. Mama Pacha alimchemshia maji akatia asali. Akanywa, akakohoa, akasema vumbi.

Kisha ikaja siku ya kumaliza kochi. Alilipindua miguu juu ili agongelee kile kitambaa cheusi cha chini, na alipoingiza vidole kwenye mfereji kati ya ubao na gunia, akagusa kitu kidogo, kigumu, kinachoteleza. Akakitoa, akakipeleka kwenye mwanga. Ilikuwa kofia ya jino lake, nzima, na uchafu wa pamba umeigandia.

Alikaa sakafuni akacheka peke yake. Chafya ndiyo iliyoirusha! Kumbe hakumeza kitu, siku zote zile alikuwa akihangaika na kijiti bure. Na kikohozi je? Kikohozi ni vumbi, si alikwisha kusema? Mtu anayetaka kuwa mzima hahitaji ushahidi mwingi. Akaifunga kofia kwenye kipande cha kitambaa, akamwambia mkewe anakwenda kununua gundi, ambalo kwa namna fulani halikuwa uongo, akakimbilia kwa daktari wa meno.

Daktari aliigeuza kofia chini ya taa kwa kibanio chake. "Ilitoka ukifanya nini, mzee?"

"Nilikuwa nakula."

"Unakula nini?"

"Mkate."

"Mkate wako mgumu," akasema, akimwonyesha mikwaruzo miwili myembamba kwenye ukingo. Fundi akatazama dari. Binti hakumkazania. Aliisafisha kofia, akakisafisha kisiki, akaipachika kuijaribu, ikakaa sawasawa. Bahati yako, alisema, ingepinda kidogo tu tungeanza upya.

Fundi akakohoa.

"Unakohoa siku nyingi?"

"Vumbi la kazi, mwanangu."

"Basi nifanye upesi kabla hujakohoa tena. Fungua." Akamfunika sehemu ya nyuma ya ulimi kwa kipande cha shashi, akamtia pamba huku na huku, na alipokuwa akipaka gundi ndani ya kofia akazungumza kama wanavyozungumza wao, kwa sauti ya kumliwaza mtu asiyeweza kujibu. "Shashi hii ni ya kukulinda. Kofia ikiniponyoka ikaenda tumboni, si neno sana, mara nyingi hutoka yenyewe. Ninachokiogopa ni njia ya pumzi. Mtu anapaliwa, anakohoa, halafu kunatulia, anadhani yamekwisha. Kumbe kitu kimekaa ndani ya pafu. Hakiumi, hakisemi. Baada ya siku kadhaa kikohozi hakikatiki, homa inapanda, pafu linaanza kuoza. Wengine tunawapoteza kwa kitu kidogo kama punje ya mahindi." Akabonyeza kofia mahali pake. "Haya, ng'ata hii pamba kwa nguvu. Usifungue mpaka nikuambie."

Fundi Msumari aling'ata. Na akiwa ameng'ata hivyo, macho yakitazama taa, mikono imeshika kingo za kiti, hesabu yake ya siku zote ikageuka kichwani mwake taratibu.

Kofia hii hapa, nimeing'ata. Basi kilichopita kooni ni nini?

Maana kilipita. Anaweza kujidanganya kuhusu mengine yote, lakini ule ubaridi ukiteleza aliusikia kwa koo lake mwenyewe. Na mdomoni siku ile kulikuwa na vitu vya aina mbili tu. Hakuna fundi anayehesabu misumari anayotia kinywani, unachota tu. Ile iliyomwagika aliifagia bila kuitazama. Pale kulia, chini ya titi, yule mwenye kidole akamdunga kana kwamba ameitwa.

Jasho likamtoka kwenye kipara. Alitaka kuinuka, lakini gundi ilikuwa inakauka na aliambiwa asifungue. Alitaka kukohoa, akakizuia kikohozi kwa tumbo, kwa magoti, kwa vidole vya miguu. Daktari alikuwa amempa mgongo, anapanga vifaa na kuimba polepole.

"Fungua. Vizuri sana. Imekaa." Akamtolea pamba na shashi. "Una swali lolote?"

Swali lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini kumwambia huyu ni kumwambia mkewe, kwa kuwa huyu angempigia simu Mama Pacha kabla hajavua glavu. Na jambo ambalo halijasemwa bado linaweza kuwa si kweli. Woga una sababu nyingi, na zote hujifanya busara.

"Sina," akasema.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Methali hii aliijua tangu utoto, tena aliwahi kuwaambia wengine kwa kidole kilichonyooshwa. Njia nzima ya kurudi nyumbani ilimfuata, na alipofika mlangoni alikuwa ameamua kusema. Akaingia. Mama Pacha alikuwa kwenye cherehani, anashona foronya za mito ya kochi. Akainua macho, naye Fundi, kwa aibu tu, kwa kutojua aanzie wapi, akatabasamu.

Cherehani ikasimama. "Alaa! Kumbe upo!" Akamtazama vizuri. "Siku zote hizi nilikuwa nadhani umenichoka, mwenzangu. Nikajiuliza, au kuna mahali anakochekea."

"Niko hapahapa. Nilikuwa na... nilikuwa na uchovu."

"Basi cheka tena nione."

Akacheka tena. Mkewe alipiga makofi ya furaha akarudi kwenye foronya zake, na mpaka jioni alikuwa akiongea peke yake na kujichekesha. Niambieni, mngemwambia saa hiyo? Fundi hakumwambia. Alimeza na hilo pia.

Akaitunza kofia ile kama kiongozi anavyotunza kiti chake. Mswaki ukingoni, uzi kwa pembeni, maji ya chumvi ya uvuguvugu. Alirudisha misumari kwenye kopo na safari hii haikutoka. Alikuwa mtiifu kwa kila sharti, mtu anayelipa kodi yote baada ya nyumba kuungua. Na kila siku pumzi ilipungua kidogo. Kwanza alishindwa kuinua kochi peke yake. Kisha akashindwa kugonga nyundo bila kupumzika. Akilalia upande wa kulia kifua kilipiga filimbi nyembamba, akahamia wa kushoto ili isisikike.

Mchana mmoja, akiwa anavuta kitambaa, mikono ilianza kutetemeka. Akaona baridi kali, wakati nje jua lilikuwa linapasua mawe. Alikohoa, na kilichokuja kilikuwa na harufu mbaya na mstari wa damu. Alipoinua kichwa, pazia lilikuwa limefunguliwa na Mama Pacha amesimama pale na futi ya kupimia shingoni, anamtazama.

Alizima cherehani, akachukua mkoba, akamshika mkono.

Hospitali ilikuwa imejaa, na benchi la ukutani lilikuwa la mbao tupu. Fundi, hata katika hali ile, aliligusa akaona limepigiliwa vibaya. Daktari waliyemwona mwishowe alikuwa mwanamume mwenye macho mekundu, aliyehudumia watu tangu asubuhi bila kukaa. Akamwekea kifaa mgongoni, akasikiliza kushoto, akasikiliza kulia, akakaa kulia kwa muda.

"Pafu la kulia lina nimonia," alisema, mkono ukiwa umeshaanza kuandika. "Nitakupa dawa kali. Meza zote, pumzika, usipomaliza dozi utarudi hapa umebebwa."

Mama Pacha akashusha pumzi ndefu. Alikuwa ameogopa jambo kubwa zaidi. "Ahsante, daktari. Mungu akubariki. Inuka, Baba Pacha, twende tukachukue dawa."

Fundi hakuinuka.

Njia ilikuwa wazi mbele yake. Dawa ipo, mke ameridhika, jino linang'aa, kiapo kiko salama. Alichotakiwa kufanya ni kusimama tu. Mgonjwa aliyefuata alikuwa ameshatia mguu mlangoni. Na Fundi Msumari aliona wazi, kama anavyoona fremu chini ya kitambaa, kwamba akitoka kwenye chumba kile na karatasi ile mkononi atakufa, na atakufa mwongo.

"Daktari," akasema. "Nipige picha ya kifua."

"Hakuna haja, mzee, nimesikia mwenyewe..."

"Nimemeza msumari."

Kalamu ikasimama. Fundi hakumtazama mkewe, alitazama viatu vyake. "Haukwenda tumboni. Umeingia kwenye pumzi. Ni zaidi ya wiki mbili sasa. Nilikuwa nao mdomoni, nikapiga chafya. Niliapa sitaweka, nikaweka. Kofia ya jino ilitoka siku hiyohiyo, nikairudishia kwa siri. Nimemaliza."

Daktari alishageukia mlango anaita muuguzi. Mama Pacha alimtazama mumewe kama anavyotazama kitambaa kilichokatwa vibaya, akitafuta kama kuna namna ya kukiokoa.

Picha haikuacha shaka. Msumari ulionekana kwenye kioo, mweupe, na kichwa chake bapa, ungeweza kuupima kwa rula. Ulikuwa umekaa kichwa chini, ncha juu. Bingwa wa mapafu aliyeitwa aliwaeleza bila kuzungusha: watampa nusu kaputi, watapitisha mrija wenye kamera mdomoni mpaka ndani ya pafu, wataubana na kuutoa taratibu. Ncha ikichana njia, damu itakuwa nyingi. Nyama ikiwa imeuota na kuushika, hautatoka kwa mrija, watalazimika kupasua kifua, na kwa pafu lililokwisha kuvimba namna hii hakuna wa kuahidi kitu. Mama Pacha aliuliza kama kuna njia nyingine. Hakuna.

Wakamvua nguo, wakamvisha gauni lililo wazi mgongoni, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu kwenye korido. Mtaalamu wa nusu kaputi, mwanamke mnene mwenye sauti ya upole, akainama.

"Una jino bandia, baba? Jino linalocheza? Kofia?"

"Kofia moja. Hii ya mbele."

Akaigusa kwa kidole. "Mpya. Nzuri. Mrija utapita hapohapo, baba, na tutakuwa na haraka. Inaweza kung'oka, na nikiona inataka kuanguka ndani nitaing'oa mwenyewe."

"Ing'oe," Fundi akasema. "Na jino lake. Na mengine yote, kama yanakuzuia."

Mtaalamu akaenda kujiandaa. Wakabaki wawili, yeye na mkewe, na taa ya korido inayowakawaka. Fundi alikuwa anapumua kwa vipande. Aliutafuta mkono wa mkewe, akaukuta wa baridi.

"Nisamehe. Nilikudanganya."

"Hukunidanganya," Mama Pacha akasema.

Fundi akageuka kumtazama.

"Nilijua unaweka misumari. Tangu siku ya kwanza uliyorudia." Alizungumza chini sana, haraka, macho yamekaza kwenye mlango wa chumba cha upasuaji. "Nikikuita na mdomo wako uko mtupu, unaniitikia 'naam'. Ukiwa umejaa unaguna, 'mmh'. Unadhani pazia lina unene gani? Kutwa nzima nakuita, 'mmh'. Nikajua. Nikasema, nikimshika atanuna, jino ndiyo kwanza amepata, anacheka, acha tu. Nikajifanya sina habari. Ningefungua lile pazia siku moja tu..." Machozi aliyoyazuia tangu kwenye benchi yakamwagika. "Kwa hiyo usiniombe msamaha. Usinifanyie hivyo. Wewe rudi tu."

Alitaka kumjibu. Lakini kikohozi kikamshika, kirefu, kibaya kuliko vyote, na kilipomwachia magurudumu yalikuwa yameanza kuzunguka na mkono wa mkewe umeshateleza. Akaona taa zinapita juu yake. Akaona kinyago kinashuka. Mtu alimwambia avute pumzi, naye akavuta ile kidogo aliyokuwa nayo.

Kulikuwa na giza lisilo na muda. Kisha kukawa na maumivu kooni, kana kwamba mtu amempitishia msasa. Kisha sauti, mbali, upande wa pili wa kitu kizito.

"Baba Pacha."

Akaisikia. Akajua ni nani. Akamwitikia, au alidhani amemwitikia, kwa sauti iliyotokea puani, midomo haikufunguka.

"Mmh."

Mtu akavuta pumzi kwa ghafla juu yake. Akafumbua macho kwa shida. Mama Pacha alikuwa amesimama juu yake, uso umevimba, mikono miwili imeshika chuma cha kitanda. Nyuma yake muuguzi alikuwa anaweka kikopo cha plastiki juu ya meza, na ndani yake vitu viwili viligongana vikalia.

"Umetoka," alisema Mama Pacha. "Wote, haukubakiza kitu. Bingwa anasema utapona. Kofia nayo imetoka. Ila usiniitikie hivyo. Usiniitikie hivyo tena mpaka nife. Fungua mdomo."

Fundi Msumari akafungua mdomo. Midomo ilikuwa imekauka, ikaachana kwa kuuma. Hewa ikaingia kupitia kwenye pengo, baridi, nyingi, ikashuka mpaka chini kulia bila kugusa kitu.

"Baba Pacha," mkewe akamwita upya.

"Naam."

Akamwita tena, na tena, na hakuwa na jambo la kumwambia. Kila mara mumewe alijibu kwa koo lililochubuka, mdomo wazi, "Naam", mpaka muuguzi akaja kuwaambia mgonjwa haruhusiwi kuzungumza.